Kabla Hujasaini Fomu ya Upasuaji wa Kiuno

Kama unaishi Kizwite, Sumbawanga, na kiuno kinakuuma mwaka wa pili sasa, huenda umekwisha kusikia kwamba upo upasuaji wa tundu dogo unaoyamaliza maumivu hayo. Daktari anapasua kidogo ubavuni mwa tako, anapitisha vyuma viwili au vitatu vya titani, anakifunga kiungo kinachouma, na baada ya siku moja au mbili unatoka hospitalini ukitembea kwa magongo. Upasuaji huo upo kweli na wako watu waliopata nafuu baada ya kuufanyiwa. Mwongozo huu haukukatazi. Unakueleza kwa nini shilingi zako za kwanza na safari yako ya kwanza visianzie kwenye chumba cha upasuaji. Vianzie kwenye kujua kwa hakika kama ni kiungo hicho kinachouma, na kama ndicho, kinauma kwa sababu gani. Kwa mtu wa Ufipa swali hilo la pili ni zito kuliko kwa mtu wa Ulaya ambako upasuaji huu umepimwa sana, na sababu zake nitazieleza.

Uti wa mgongo huishia chini kwenye mfupa mpana wenye umbo la pembetatu, sakramu, uliokaa katikati ya mifupa miwili mikubwa ya nyonga kama kabari iliyopigiliwa kwenye gogo. Pale sakramu inapokutana na mfupa wa nyonga, kushoto na kulia, ndipo kilipo kiungo cha sakroiliaki. Si kiungo cha kukunja na kukunjua kama goti. Husogea nyuzi chache na milimita chache tu, tena kimefungwa kwa kano nene, kwa sababu kazi yake ni kuupokea uzito wa kiwiliwili na kuugawa kwenye miguu miwili. Kano hizo hulegea wakati wa ujauzito, huumia mtu anapoanguka na bodaboda au kutua vibaya kwa tako, na kiungo chenyewe huweza kuchakaa kwa mzigo wa upande mmoja uliobebwa miaka mingi. Mtu anayepindua nyasi na udongo kutengeneza matuta ya ntumba, au anayepakia magunia ya mahindi sokoni, hukitwisha kiungo hiki mzigo mara nyingi kwa siku. Hata hivyo tafiti zilizopima kwa makini hutaja kwamba katika kila watu 100 wenye maumivu sugu ya kiuno, ni kati ya 15 na 30 tu ambao chanzo chao ni hapo. Waliobaki wanaumwa diski, viungo vidogo vya uti wa mgongo, misuli, kiungo cha paja, au figo na kizazi vinavyopeleka maumivu mgongoni. Ukimfunga vyuma mtu wa kundi hili, umemfanyia upasuaji mahali pasipo na kosa.

Historia nayo inafundisha tahadhari. Mwanzoni mwa karne ya 20 madaktari wengi wa Marekani na Ulaya waliamini kwamba kiungo hiki ndicho chanzo kikuu cha maumivu yanayoshuka mguuni, na katika miaka ya 1920 walikuwa wakikifunga kwa upasuaji mkubwa. Mwaka 1934 Mixter na Barr, wa Boston, walionyesha jinsi diski iliyochomoza inavyobana mshipa wa fahamu, na kiungo hiki kikasahaulika kwa miongo mingi. Kimerudi kuzungumzwa tangu vilipopatikana vyuma vidogo vya kukifunga. Basi daktari anapokuambia kwamba tatizo ni hapo, una haki ya kumwuliza kwa upole amelijuaje.

Jibu zuri lina hatua kadhaa. Kwanza, maumivu ya kiungo hiki kwa kawaida hukaa chini ya kiuno, upande mmoja zaidi ya mwingine. Mgonjwa akiambiwa aonyeshe kwa kidole kimoja, huweka kidole karibu na kile kishimo kilicho juu ya tako, chini yake kidogo. Anayepapasa mgongo mzima kwa kiganja pengine ana tatizo lingine. Maumivu ya kiungo hiki huzidi unapogeuka kitandani, unapoinuka kitini, unapopanda ngazi au kusimama kwa mguu mmoja, na yanaweza kushuka pajani lakini ni nadra kupita goti kwa nguvu. Pili, daktari au mtaalamu wa mazoezi tiba hukufanyia vipimo vya mikono: anakandamiza nyonga kutoka pembeni, anazitanua kutoka mbele, anasukuma paja lililokunjwa kuelekea kitandani, anakandamiza sakramu ukiwa umelala kifudifudi, na anaupindisha mguu kwa namna mbili tatu. Kipimo kimoja peke yake hakisemi kitu. Vitatu au zaidi vikiamsha maumivu yaleyale unayoyajua, kiungo kinashukiwa kweli. Visipoamsha chochote, kuna uwezekano mkubwa kwamba hakihusiki. Vipimo hivi havihitaji mashine na vinaweza kufanyika katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Rukwa au hospitali yoyote yenye kitanda na mtu aliyefunzwa. Kama umeambiwa kiungo kimeharibika na hakuna aliyekugusa nyonga, rudi uombe upimwe.

Picha huwapotosha wengi. Eksirei au CT-scan ikionyesha kiungo kimechakaa, familia huona kisa kimekwisha. Lakini uchunguzi wa picha za watu wazima wasio na maumivu yoyote, uliochapishwa Marekani mwaka 2015, uliwakuta zaidi ya nusu yao wakiwa na dalili za kuchakaa kwa kiungo hichohicho. Picha hutumika zaidi kutafuta mfupa uliovunjika, uliolika, usaha au uvimbe. Kinachokaribia kuthibitisha ni sindano ya ganzi inayochomwa ndani ya kiungo, daktari akiiongoza kwa eksirei ya moja kwa moja au CT-scan. Ganzi ikiingia mahali pake na maumivu yakapungua kwa nusu au zaidi kwa saa chache, kisha yakarudi, kiungo kimejitaja. Sindano inayochomwa kwa kubahatisha bila picha mara nyingi haifiki ndani, na matokeo yake hayathibitishi wala kukanusha. Upasuaji uliopangwa bila sindano hii umepangwa kwa kukisia.

Lakini kabla ya sindano, hasa sindano iliyochanganywa na steroidi, lipo jambo ambalo vitabu vya Ulaya hulitaja kwa mstari mmoja nami nataka ulisome mara mbili. Kiungo hiki ni mojawapo ya maficho ya vidudu. Brusela, ule ugonjwa wa kutupa mimba kwa ng'ombe, humwingia mtu kwa maziwa mabichi, kwa kumsaidia ng'ombe kuzaa kwa mikono mitupu, au kwa kushika kondo la nyuma. Ukishaingia hupenda kukaa kwenye uti wa mgongo na kwenye kiungo cha sakroiliaki. Utafiti uliofanyika katika eneo la Katavi na Rukwa na kuchapishwa mwaka 2015 ulikuta alama za maambukizi hayo kwa ng'ombe, mbuzi, nyati na hata kwa binadamu. Mtu huumwa kiuno kwa wiki au miezi, homa inakuja jioni na kuondoka, jasho linalowesha shuka, uchovu usioelezeka. Anatibiwa malaria mara tatu, taifodi mara mbili, na diklofenaki kutoka duka la dawa muhimu kila wiki. Kifua kikuu nacho hukaa hapo bila kikohozi, huku makohozi yakiwa safi na picha ya kifua ikiwa nzuri. Magonjwa yote mawili hutibika kwa vidonge na sindano: brusela kwa dawa zaidi ya moja kwa wiki zisizopungua sita, kifua kikuu cha mfupa kwa miezi mingi, na dawa za kifua kikuu nchini hutolewa bure. Kumwekea vyuma mtu mwenye usaha kiungoni ni kumwongezea janga, na steroidi huyapa maambukizi nguvu.

Kwa hiyo ukienda kumwona daktari, usisubiri aulize. Mwambie kama unakunywa maziwa yasiyochemshwa au mtindi wa maziwa mabichi, kama unafuga au unachinja, kama nyumbani yupo aliyewahi kutumia dawa za kifua kikuu, kama umepungua uzito, kama unatokwa jasho usiku. Omba kipimo cha damu cha kuonyesha uvimbe mwilini, kipimo cha virusi vya UKIMWI, na uchunguzi wa brusela. Kuhusu hiki cha mwisho uwe macho: kipimo cha haraka kinachotumika katika vituo vingi vya Afrika Mashariki hukosea sana, na utafiti wa Kenya magharibi uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba wengi wanaoambiwa wana brusela kwa kipimo hicho hawana. Jibu la chanya lithibitishwe kwa kipimo bora zaidi kabla ya kuanza dawa za wiki sita, na jibu hasi lisimfanye daktari aache kufikiri kama dalili zote zipo. Usaha au kipande cha nyama kikitolewa kiungoni, kipelekwe pia kwenye mashine ya GeneXpert inayotafuta kifua kikuu.

Upo pia ugonjwa wa baridi yabisi unaoanzia kwenye viungo hivi, kwa kawaida kabla ya umri wa miaka 45, ambao mtu huamka amekakamaa na hujisikia nafuu akitembea badala ya akipumzika. Ni nadra kwa Waafrika, lakini upo, na unatibiwa kwa dawa na mazoezi. Na kama pamoja na kiuno kuuma umeanza kushindwa kuzuia mkojo au haja kubwa, umekufa ganzi msambani, au mguu unapoteza nguvu, acha kusoma hapa na uende hospitali leo. Hilo halingoji rufaa ya mwezi ujao.

Sasa tuje kwenye upasuaji wenyewe. Mgonjwa hulala kifudifudi chini ya nusu kaputi. Kwa msaada wa eksirei ya moja kwa moja, daktari hupasua kama sentimita tatu pembeni mwa tako, huelekeza waya kupitia mfupa wa nyonga hadi ndani ya sakramu, hutoboa njia, kisha hupigilia chuma, na hurudia hivyo mpaka vitimie viwili au vitatu. Chuma kinachojulikana zaidi, iFuse, kina pembe tatu ili kisizunguke na uso wake una vinyweleo ili mfupa ukishike; Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilikiruhusu mwaka 2008. Majaribio mawili makubwa yalifuata, moja Marekani lenye wagonjwa 148 na jingine Ulaya lenye wagonjwa 103. Wagonjwa waligawanywa kwa kura, wengine wakapasuliwa na wengine wakaendelea na mazoezi na dawa. Waliopasuliwa walipata nafuu kubwa zaidi, tofauti ambayo haikuwa ya kutafutwa kwa tochi. Mwaka 2017 taasisi ya NICE, inayoishauri huduma ya afya ya Uingereza, ilisema ushahidi unatosha upasuaji huu utumike kwa utaratibu wa kawaida, mradi ugonjwa umethibitishwa na daktari amefunzwa kazi hiyo hasa na amezoea kuweka vyuma kwa kuongozwa na picha.

Mambo yangeishia hapo, ushauri wangu ungekuwa mfupi. Lakini majaribio yote mawili yalilipiwa na kampuni inayotengeneza chuma, na kila mgonjwa alijua kama amepasuliwa au la. Maumivu hupimwa kwa kumwuliza mgonjwa, na mtu aliyesubiri upasuaji kwa miaka kisha akaupata huyahisi mambo tofauti na aliyekosa kura akarudishwa kwenye mazoezi yaleyale yaliyomshinda. Watafiti wa Norway na Sweden wakafanya kilichokuwa kinakosekana: wagonjwa 63 wote walilazwa kwa nusu kaputi na wote walipasuliwa ngozi, lakini nusu yao hawakuwekewa chuma chochote, wala hawakujua. Matokeo yalichapishwa mwaka 2024. Baada ya miezi sita maumivu yalikuwa yamepungua katika makundi yote mawili: kwa wenye vyuma yalishuka zaidi ya alama mbili kati ya kumi, kwa wasio na vyuma chini kidogo ya mbili. Tofauti iliyobaki ilikuwa ndogo kiasi kwamba haikuweza kutenganishwa na bahati.

Mtu atasema: jaribio la watu 63 ni dogo, na miezi sita ni mifupi kwa mfupa kushikana na chuma. Ni kweli, na kwa sababu hiyo sisemi kwamba upasuaji huu haufai kitu. Jaribio dogo linaweza kukosa kuona faida ndogo. Lisilowezekana kwa urahisi ni kuficha faida kubwa kama ile iliyotangazwa awali, na faida hiyo kubwa ndiyo inayotumika kuwashawishi watu wauze ng'ombe. Mwingine atasema: nafuu ni nafuu, imetoka kwenye chuma au kwenye matumaini, kwangu ni mamoja. Ningekubali kama upasuaji ungekuwa bure na usio na hatari. Tundu la nje ni dogo, lakini chuma kinapita jirani na mishipa ya fahamu inayokwenda mguuni. Kikipita kupita kiasi mguu huwaka moto na hurudiwa upasuaji. Kuna maambukizi, damu kukusanyika ndani, chuma kulegea. Mpasuaji mzoefu hupunguza hatari hizi bila kuziondoa, na mgonjwa wa Kizwite aliyepatwa na moja yake yuko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Dar es Salaam.

Pingamizi la tatu naliheshimu kuliko yote: mazoezi ni ya watu wa mjini, mimi nina shamba. Lakini mazoezi yenye ushahidi hapa si ya kwenda ukumbini. Jaribio la Norway lililochapishwa mwaka 2004, kwa wanawake 81 waliobaki na maumivu ya nyonga baada ya kujifungua, liliwapa baadhi yao wiki 20 za mazoezi ya kuimarisha misuli ya tumbo la chini, makalio na mgongo, na nafuu yao ilidumu hata miaka miwili baadaye. Yanafanyika juu ya mkeka. Lala chali magoti yakiwa juu, vuta tumbo la chini ndani bila kuzuia pumzi, inua makalio taratibu, hesabu mpaka kumi, shuka. Piga magoti na viganja, nyoosha mkono wa kulia na mguu wa kushoto kwa pamoja bila kuyumbisha kiuno, kisha badilisha. Lala ubavu, nyayo zikiwa pamoja, fungua goti la juu bila nyonga kurudi nyuma. Anza na machache, mara tatu kwa wiki, na umwone mtaalamu wa mazoezi tiba walau mara ya kwanza na baada ya wiki nne, maana zoezi linalofanywa vibaya huchosha mgongo na kuacha misuli inayotakiwa. Mshipi wa nyonga, au kitenge kilichokunjwa na kukazwa chini ya mifupa ya mbele ya nyonga na juu ya mafundo ya mapaja, huwasaidia wengine wakati wa kutembea na kazi. Ukikusaidia utumie, ila usilale nao. Gawanya mzigo pande mbili. Usimbebe mtoto kwenye nyonga moja. Kwenye bodaboda panda kwa kutanua miguu badala ya kukaa upande. Usiku weka mto kati ya magoti, na unapogeuka geuza mabega na magoti kwa pamoja.

Nikisema mazoezi, namaanisha miezi sita ya kweli. Wengi wanaosema mazoezi yamewashinda walipewa karatasi yenye michoro wakafanya siku tisa. Na kama umejifungua karibuni, jua kwamba maumivu ya nyonga ya ujauzito huisha yenyewe kwa wanawake walio wengi ndani ya miezi michache. Hakuna sababu ya kuharakia chuma. Matibabu ya kuunguza vineva vya kiungo kwa joto, ambayo baadhi ya hospitali za nje huyatangaza kama njia ya kati, yalipimwa Uholanzi, na majibu ya mwaka 2017 yalionyesha hayaongezi kitu cha maana juu ya mazoezi.

Ni nani basi anayebaki? Ni mtu ambaye kidole, vipimo vya mikono na sindano ya ganzi vimesema neno moja, maambukizi yameondolewa shaka, miezi sita ya mazoezi imepita, na bado hawezi kulala wala kufanya kazi. Mtu huyo aende, na aende akiwa na karatasi zote. Njia ya kawaida ni rufaa kutoka Hospitali ya Mkoa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, na kutoka huko, ikihitajika, Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI. Ukishauriwa kwenda India, maswali ni yaleyale. Umefanya upasuaji huu wa kiungo hiki mara ngapi? Wangapi ulilazimika kuwarudia? Picha ya moja kwa moja itakuwepo chumbani? Vyuma ni vya aina gani, na nani atanipokea nikipata homa nikiwa Sumbawanga? Waulize pia watu wa bima kama bima yako inalipia vyuma vyenyewe au kitanda na chumba tu, na upate jibu hilo kwa maandishi kabla ya kupanda basi.

Uchague na msimu. Mvua za Ufipa huanza Novemba, na aliyewekewa vyuma hutembea kwa magongo kama wiki tatu bila kuukanyagia mguu uzito wote, kisha hukaa miezi kadhaa bila jembe wala gunia. Ukipasuliwa baada ya mavuno, Julai au Agosti, unaupa mfupa nafasi kabla ya matuta mapya. Ukipasuliwa Oktoba, utalima kabla ya wakati au utakosa msimu, na vyote viwili ni gharama ambayo haiko kwenye ankara. Usirudi Sumbawanga kesho yake kwa safari moja ya basi. Lala njiani, simama mara kwa mara, na umuulize daktari kuhusu hatari ya damu kuganda miguuni. Kabla ya kuondoka hospitalini dai nakala ya ripoti ya upasuaji, jina na ukubwa wa vyuma, na picha ya mwisho iliyopigwa ukiwa mezani. Zihifadhi mahali pasipolowa. Maumivu yakirudi baada ya mwaka mmoja au miwili, daktari wa Sumbawanga ataweza kulinganisha picha mpya na ile ya siku ya upasuaji na kuona kama chuma kimesogea. Bila picha ile hatakuwa na cha kulinganishia.